Baiskeli ya mbio, ya kikapu au chotara: ipi ikupeleke kazini Dar?

Tangu Kigali iandae mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani Septemba 2025, mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika Afrika, watu wananisimamisha zaidi pale ninapofungia baiskeli yangu Posta. Swali ni lile lile: "Dada, ninunue baiskeli ya mbio ya kuendea kazini?" Wengi wameshaiona Kariakoo, imening'inizwa juu kabisa dukani, fremu nyembamba, tairi jembamba kama kidole gumba, usukani umekunjwa kama pembe za kondoo dume. Wameshaipenda. Kwangu wanataka baraka tu.

Baraka sitoi haraka. Nauliza kwanza: kutoka mlangoni kwako hadi lami ni mita ngapi, na hizo mita zikoje mvua ikinyesha? Hapo wengi husita, maana walijiandaa kunieleza habari za Barabara ya Morogoro au ya Bagamoyo. Kwenye barabara kubwa baiskeli yoyote inakwenda. Kinachoamua ni ile kilomita mbovu kuliko zote katika njia yako, pamoja na fundi aliye karibu nayo.

Naandika haya nikiwa nimeendea kazini kwa baiskeli tatu tofauti: ya kikapu ya mtumba wa Japani, ya mbio, na hii chotara niliyonayo sasa, iliyo kati ya ya mbio na maunteni. Maunteni na Phoenix nimeziendesha za ndugu na jirani, za kutosha kuzisemea.

Njia yenyewe

Naishi Kimara, upande wa Korogwe, nafanya kazi Posta. Ni kilomita kama 15 kwenda na 15 kurudi. Kilomita moja na ushee ya kwanza ni barabara ya mtaa: udongo, makorongo yaliyochimbwa na maji ya masika, na mawe ambayo wakazi wenyewe tumeyamwaga kuziba mashimo. Halafu ndiyo lami, na njia ya baiskeli iliyojengwa pamoja na mwendokasi ulioanza kubeba abiria Mei 2016. Njia ile ni neema, na mradi wote ndio ulioipatia Dar es Salaam Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018. Wageni kutoka miji mingine wanaiona na kututamani.

Ila si njia ya mashindano. Bodaboda wanapita humo humo. Manzese meza za matunda zinasogea asubuhi hadi asubuhi. Kila makutano kingo zinashuka na kupanda, na ukifika Ubungo kwenye madaraja unajitafutia mwenyewe pa kupita. Masika Msimbazi ukifurika, Jangwani inafungwa, na hata maji yakishakauka unabaki mchanga laini juu ya lami kwa siku kadhaa. Mchanga wa kiasi hicho barazani kwako hata usingeuona. Tairi jembamba linauona. Linateleza upande bila kukupa nafasi ya kusema lolote.

Jioni kuna kupanda. Kutoka Ubungo kwenda Kimara barabara inainuka taratibu, kisha inainuka kweli, na wewe umeshachoka. Kumbuka mpando huo, nitaurudia.

Kasi: inaongeza nini hasa?

Baiskeli ya mbio ina kasi. Fremu ya aluminiamu yenye vyote ina kilo 9 hadi 11, wakati ya kikapu ya Kijapani ina karibu 20. Unainama, upepo unakupita juu ya mgongo, tairi limejazwa mpaka gumu kama jiwe. Barabara ikiwa wazi unahisi kama mtu anakusukuma kiunoni. Siku za kwanza nilikuwa nafika Posta nikicheka peke yangu.

Sasa tufanye hesabu. Kilomita 15 kwa mwendo wa kilomita 22 kwa saa ni dakika 41. Kwa mwendo wa kilomita 16 kwa saa, ambao mtu wa kawaida anaumudu kwenye baiskeli ya kikapu, ni dakika 56. Tofauti ni robo saa. Hiyo ni kwenye karatasi, bila kusimama. Ukiingiza taa za Magomeni, Fire na mjini, matuta, wavukaji na bodaboda anayekuja upande usio wake, robo saa ile inapungua, kwa sababu wote wawili mnasubiri taa moja. Upepo nao unaanza kukuzuia sana unapokwenda kasi; ukiwa chini ya kilomita 20 kwa saa, kuinama kunakusaidia kidogo tu. Nilipopima kwa wiki kadhaa nilikuta naokoa dakika nane au tisa kwa safari.

Dakika nane si haba. Kwa anayetoka Mbezi mwisho au Tegeta zinakuwa nyingi zaidi. Kwa anayetoka Sinza kwenda Mwenge hazipo kabisa, na akinunua baiskeli ya mbio kwa sababu ya muda atakuwa amejidanganya.

Asubuhi moja Magomeni Mapipa

Ilikuwa Machi, saa kumi na mbili na nusu. Usiku mvua ilinyesha. Mbele yangu kulikuwa na dimbwi ambalo ningelikwepa kama bodaboda asingekuwa ubavuni. Gurudumu la mbele likaingia, nikasikia rimu inagonga ukingo wa shimo, ko! Baada ya mita chache baiskeli ikawa inaburuza.

Nikaikokota hadi kwenye kijiwe cha fundi. Mzee mmoja alikuwa anapanga spana zake juu ya gunia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Pancha?"

Gurudumu la baiskeli ya mbio linafunguliwa kwa mkono, kwa hiyo alilitoa haraka. Akavuta tyubu, akaijaza kwa mdomo kidogo, akaizamisha kwenye beseni. Viputo vikatoka sehemu mbili sambamba. Akanionyesha: hapa hakuna msumari wala kioo, ni rimu imeibana tyubu yenyewe kwenye ukingo wa shimo. Akakwangua kwa msasa, akapaka gundi, akaipulizia ikauke. Viraka vyake vilikuwa vipana kuliko tyubu, akavipunguza kwa mkasi kimoja kimoja. Kazi safi kabisa. Kisha akachukua pampu.

Valvu ya baiskeli ya mbio ni nyembamba, ina kichwa kidogo cha shaba unachokilegeza kabla ya kujaza upepo. Mdomo wa pampu yake ulikuwa wa valvu nene, kama ya pikipiki. Akajaribu kuzungushia kitambaa. Akajaribu kubana kwa vidole. Upepo wote ukatokea pembeni.

"Mwanangu, hii sina mdomo wake."

Alikataa hela ya viraka mpaka nikamsihi sana. Nikapakia baiskeli kwenye bajaji, nikafika kazini saa tatu kasoro.

Kosa lilikuwa langu, si lake. Kuna kiunganishi kidogo cha shaba, hakizidi ukubwa wa punje ya mahindi, unakizungushia juu ya valvu nyembamba na pampu yoyote ya mtaani inakubali. Tangu siku hiyo ninavyo viwili kwenye mfuko chini ya tandiko, na tyubu moja nzima ya akiba. Ukiamua kununua baiskeli ya mbio, nunua hivyo vitu siku hiyo hiyo, kabla hujatoka Kariakoo.

Tadej Pogačar, yule Mslovenia, alipokuwa anashinda ubingwa wa dunia pale Kigali alikuwa na gari la timu yake nyuma, na juu ya gari magurudumu yamepangwa tayari. Baiskeli za mbio zilitengenezwa kwa watu wenye gari nyuma. Wewe nyuma yako kuna daladala.

Tairi ndilo linaloamua zaidi ya fremu

Nikilazimishwa kuchagua kitu kimoja cha kukagua, nachagua tairi. Baiskeli nyingi za mbio za mtumba zinakuja na tairi la upana wa milimita 23 au 25. Linataka upepo mwingi, psi (kipimo cha msukumo wa upepo) 80 mpaka 110, na ukizembea siku tatu linakuwa laini na rimu inaanza kubana tyubu kama ilivyonitokea. Fundi wa mtaani mwenye pampu ya mkono anahangaika kufikisha huko. Tairi la milimita 35 linatosheka na nusu ya upepo huo, linameza shimo dogo, na halidumbukii kwenye nafasi za vyuma vya mifuniko ya mitaro. Hili la mifuniko naomba ulichukulie kwa uzito. Pale mjini kuna mifuniko ambayo vyuma vyake vimelala kufuata mwelekeo wa barabara, na tairi la milimita 23 linaingia kati yake kama kisu kwenye ala. Nimemwona kijana akiruka juu ya usukani kwa sababu hiyo. Alivunjika mfupa wa bega.

Dukani fanya hivi: ingiza kidole kati ya tairi na fremu, juu chini ya breki na pembeni karibu na mnyororo. Kama kidole hakipiti, hiyo baiskeli usiitegemee kukubali tairi pana zaidi ya lililopo, hata muuzaji aape. Kama kinapita bila kubanwa, unaweza kuweka la milimita 28 au 32, na baiskeli ya mbio yenye tairi la 32 ni kiumbe tofauti kabisa. Zile za zamani za chuma, zenye vishikio vya gia kwenye bomba la chini la fremu, mara nyingi zina nafasi hiyo. Hizo ndizo ningemtafutia mdogo wangu kama angesisitiza.

Idadi ya spoki nayo ihesabu. Gurudumu la baiskeli ya mbio linaweza kuwa na spoki 20 au 24. La kawaida lina 36, na Phoenix nyuma ina 40. Ikikatika moja kati ya 36 unafika nyumbani, gurudumu linayumba kidogo tu. Ikikatika moja kati ya 20 rimu inapinda hadi inasugua breki, na hapo unatembea.

Ya kikapu, ambayo watu wanaidharau

Kwa heshima zote, baiskeli ya Kijapani yenye kikapu ndiyo iliyotengenezwa na watu wanaojua maana ya kwenda kazini. Zinaletwa na makontena, Zanzibar zimejaa, huku bara ziko kila mtaa. Nyingi bado zina ile stika ndogo ya usajili wa polisi wa Japani kwenye fremu. Mama wa Kijapani alikuwa anapeleka mtoto shule nayo, ananunua mchele, anarudi. Nasi kazi yetu ni hiyo hiyo.

Tazama kinachokuja nayo bila kuongeza shilingi: kikapu mbele, keria nyuma, madigadi yote mawili, kizuia mnyororo usile nguo, stendi ya miguu miwili inayosimama imara, taa ya dainamo, kengele, na kufuli la duara linalofunga gurudumu la nyuma. Fremu imeshuka katikati, kwa hiyo ninapanda nikiwa na gauni bila kurusha mguu mbele za watu. Wanaume wananiambia ni ya kike. Nawaambia waulize wauza magazeti na mafundi bomba wanaoizungukia Kariakoo siku nzima nayo.

Kikapu kinaondoa mkoba mgongoni, na hili ni kubwa kuliko linavyosikika. Desemba mpaka Machi, Dar hii, mkoba mgongoni maana yake shati limelowa kabla hujafika Shekilango. Baiskeli ya mbio karibu zote hazina matundu ya kufungia keria, basi kila kitu unakibeba wewe: kompyuta, chakula, viatu, nguo ya kubadili. Unainama na kilo sita mgongoni, shingo imeinuka kutazama mbele. Baada ya miezi miwili mabega yangu yalinisemesha.

Udhaifu wake ni ule mpando wa kutoka Ubungo. Karibu kilo 20 za chuma, gia tatu au hakuna kabisa, na kiti kimekuweka wima upepo ukupige kifuani. Wenye gia tatu ndani ya kitovu cha nyuma, nyingi za Shimano, wana nafuu; gia hizo zimefungiwa ndani, mchanga hauzifikii, zinakaa miaka. Zikiharibika, mafundi wengi hawazifungui, wanakubadilishia gurudumu zima. Mtu mrefu pia atapata shida, magoti yanakaribia kugusa usukani. Hapo unaweza kuinua kiti, lakini fremu hairefuki.

Kwa safari isiyozidi kilomita nane isiyo na mlima, sioni sababu ya kununua kingine. Nimeshasema hivi kwa watu wengi na wengi hawakunisikiliza, kwa sababu ya sura yake tu. Nasikitika kidogo kila ninapoona hivyo.

Maunteni na Phoenix

Maunteni ndiyo inayouzwa zaidi ikiwa mpya, na ndiyo ninayoiogopea wanunuzi. Springi za mbele za bei rahisi hazifanyi kazi, zinaongeza uzito na kunesa ukisimama kukanyaga. Zenye springi na katikati ya fremu ndiyo usizitazame kabisa: sehemu ya nguvu yako inaishia kwenye springi. Tairi lenye vinundu linanguruma kwenye lami na kukuvuta nyuma. Lakini ukipata ya mtumba, fremu nzuri, uma wa mbele usio na springi, ukatoa tairi la vinundu na kuweka la lami la upana wa inchi moja na nusu, umepata baiskeli ya kazini isiyochoka. Anayeishi Goba ndani au Kibamba, ambako vumbi ni zaidi ya lami, aanzie hapo.

Phoenix ni ya mizigo. Wabeba mkaa wanaoshuka kutoka Kisarawe wanaijua kuliko mimi. Inabeba gunia, fundi wa kijiji chochote anaitengeneza kwa nyundo na spana moja. Breki zake za vyuma mvua ikinyesha hazishiki, na kwenye msongamano wa mjini breki ndiyo maisha. Kwa kwenda ofisini, hapana.

Chotara

Chotara ndiyo baiskeli yenye magurudumu makubwa kama ya mbio, usukani ulionyooka, tairi la milimita 32 hadi 40, na matundu ya kufungia keria na madigadi. Wauzaji wengine wanaiita ya mjini, wengine wanaichanganya na maunteni. Usibishane na jina, angalia hayo manne. Uzito wake kilo 12 mpaka 14.

Kwa kilomita zangu 15 na lile korongo la Kimara, hii ndiyo imekaa. Ninafika dakika tatu au nne nyuma ya nilivyokuwa nafika na ya mbio. Mpando wa Ubungo ninaupanda nikiwa nimekaa, kwa sababu gia ndogo zipo. Baiskeli ya mbio ya zamani ina meno 53 na 39 mbele, ambayo ni ya mtu mwenye mapaja ya mashindano. Jioni, na njaa, utashuka ukokote. Ukikuta ya mbio yenye 50 na 34 mbele, na nyuma meno yanafika 28, hapo mlima unawezekana.

Valvu za chotara nyingi ni zile nene. Yule mzee wa Magomeni ameshanizibia mara mbili, na mara zote nimefika kazini kwa wakati.

Spea, nazo zina lugha yake

Ukiwa dukani hesabu vyuma vya gia nyuma. Vikiwa sita au saba, mnyororo, springi ya gia na spea nyingine ziko kila kona. Vikiwa kumi au kumi na moja, mnyororo wake ni mwembamba zaidi, haubadilishani na ule wa saba, na utasubiri mtu akuletee au ukae juma zima ukizunguka madukani. Baiskeli za mbio za kisasa ziko huko. Breki na gia zake zimefungamanishwa kwenye kishikio kimoja. Kikifa, vimekufa vyote viwili.

Fremu ya kaboni ya mtumba usinunue ya kuendea kazini. Chuma kikipasuka unakiona na mchomeleaji anakirudisha. Aluminiamu inaonyesha mstari. Kaboni inaweza kuwa imepasuka ndani na rangi juu inang'aa, halafu ikakatika siku umeshika breki kwa nguvu. Baharini kwetu hewa ya chumvi nayo inakula: mnyororo usiopakwa oili kila wiki unageuka rangi ya kahawia, na hili halichagui baiskeli, ila mnyororo mwembamba wa gharama ndiyo unakuuma mfukoni.

Hela

Bei siwezi kukupangia, zinapanda na kushuka kila kontena linapofunguliwa. Ya mbio iliyo nzima mara nyingi itakugharimu mara mbili ya ya kikapu au zaidi, na chotara inakaa katikati. Fanya hesabu yako hivi: chukua nauli unayolipa kwa siku, pamoja na ile bodaboda ya kutoka kituoni hadi nyumbani ambayo watu huisahau, zidisha kwa siku 22 za kazi. Anayetumia shilingi 3,000 kwa siku anamaliza 66,000 kwa mwezi. Gawa bei ya baiskeli kwa hiyo, utajua miezi ya kurudisha hela yako. Kisha ongeza miezi miwili, kwa sababu siku za mvua kubwa utapanda gari, na kwa sababu kofia ngumu, taa ya mbele na nyuma, kufuli zito na pampu havimo kwenye bei ya baiskeli. Kwa ya mbio ongeza na tairi mbili mpya, maana zilizokuja nayo zimekaa kontena na ghalani miaka, ukizikunja unaona nyufa.

Kufuli lisikuponyoke. Magurudumu ya baiskeli ya mbio yanafunguliwa kwa mkono, na mwizi naye ana mikono. Ama ubadilishe vishikio vyake uweke vinavyofunguliwa kwa spana, ama uipandishe ofisini. Hapo, nikubali, ya mbio inashinda zote: kilo kumi unazibeba begani hadi ghorofa ya tatu bila kusimama, na mlinzi akikuruhusu unailaza nyuma ya kabati. Ya kikapu hupandishi popote. Mwombe mlinzi wa geti akae nayo karibu, msalimie kila siku, mkumbuke na chai.

Nani namwambia anunue ya mbio

Wapo, na nawaambia kwa moyo mmoja. Anayekaa Mikocheni, Oysterbay au Upanga, lami hadi getini. Anayekwenda zaidi ya kilomita 15 kwa upande mmoja, anayetoka saa kumi na moja na nusu barabara ikiwa bado tupu. Mwenye bafu na kabati la nguo kazini. Na yule ambaye Jumapili ataitoa kwenda Bagamoyo na wenzake, kwa sababu huyo hanunui chombo cha kwenda kazini tu, ananunua furaha, na furaha hiyo naijua. Yangu bado ninayo, imetundikwa sebuleni, Jumapili tunatoka nayo.

Ndugu zangu wa Dodoma wananiambia kwao kuna barabara mpya pana na hakuna mafuriko ya Jangwani. Kweli, lakini mbigili iko pembeni ya hizo barabara, na tairi la milimita 23 lenye mpira mwembamba halina la kuiambia mbigili. Waweke tairi zenye utepe wa kinga ndani, au wachukue chotara. Wa Kigali na Kampala hawahitaji kuambiwa kuhusu milima. Wao waanze kuhesabu meno ya gia kabla ya kuangalia rangi.

Siku ya kununua

Nenda asubuhi, mvua ikiwa haijanyesha, na usiende na hela yote mfukoni. Vaa nguo unazovaa kazini. Inua gurudumu la mbele, lizungushe, utazame rimu inavyopita katikati ya breki: ikiyumba kushoto kulia, spoki zimelegea au rimu imepinda. Shika tairi juu ulisukume pembeni. Likicheza, beringi zimekwisha. Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma, usikilize shingo ya usukani kama inagonga. Panda, simama katikati ya fremu miguu yote chini. Kwenye baiskeli yenye bomba la juu lililolala, kati yako na bomba pabaki vidole viwili au vitatu. Pasipobaki, ni kubwa kwako, na ukisimama ghafla kwenye taa utaumia.

Kisha mwambie muuzaji unataka kuizungusha hadi kona ya pili na kurudi, umwachie simu au kitambulisho kama dhamana. Chagua kona yenye vumbi. Akikataa, muage kwa heri uende duka la jirani.